Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Nairobi, juu ya kisunzi na kitanda kilichosukumwa ukutani

Mheshimiwa Waziri,

Naomba uniwie radhi kwa kukuandikia hadharani jambo ambalo pengine lingefaa kuletwa katika bahasha iliyofungwa. Lakini bahasha zitokazo upande wetu wa Jogoo Road zina tabia ya kupanda ngazi za City Hall zisishuke tena, na maradhi niliyokusudia kuyanena hayana siri yoyote, kwa kuwa siku mbili hazipiti pasipo mtu kuyataja dukani, msikitini, kanisani, au penye foleni ya maji. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimeishi Eastlands tangu ujana wangu, nimesomesha watoto wa Bahati, Maringo na Jericho, na sasa ni mzee ambaye rika lake likikutana haliulizani tena habari za kazi, bali habari za magoti, presha na kisunzi. Juu ya magoti na presha husemwa mengi. Juu ya kisunzi, ambacho wengi hukiita kizunguzungu, sijapata kuona hata bango ukutani mwa zahanati.

Mwaka juzi, usiku wa manane, mke wangu aligeukia upande wa kulia kitandani, akapiga ukelele, akanishika mkono kwa nguvu za mtu anayezama, akaniambia kwamba nyumba inapinduka. Niliitazama taa iliyoning'inia darini, haikutikisika. Kabla sijamaliza kuvaa kanzu nyumba yake ilikwisha tulia, naye ametapika na kulowa jasho, na alipojinyoosha kwa ubavu wa kushoto akapata usingizi kana kwamba hapakuwa na jambo. Asubuhi, alipoinua uso kuanika nguo kwenye kamba, nyumba ikapinduka mara ya pili, na lau jirani asingalikuwa karibu, angaliangukia mtaroni.

Kwa wiki saba tulizunguka sisi pamoja na nyumba yetu. Katika zahanati ya kwanza, ambayo sitaitaja kwa sababu kosa lake ni kosa la wengi, alitobolewa kidole, damu ikatazamwa, vijidudu vya malaria havikuonekana, akapewa dawa ya malaria. Nairobi, Mheshimiwa, imekaa zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na aghalabu anayeugua malaria hapa ameitoa safarini, Nyanza au Pwani; mke wangu hakuwa amevuka hata Ruai. Katika zahanati ya pili alipimwa kwa kipimo cha Widal, kilichotangazwa mwaka wa 1896, reli ya Mombasa ilipoanza kutandikwa, nacho kipimo hicho huweza kumtia mtu hatiani kwa homa aliyougua zamani akapona. Akaambiwa ana taifodi "kidogo", kana kwamba taifodi huuzwa kwa kibaba, akadungwa sindano siku tano. Wa tatu alisema ni vidonda vya tumbo. Wa nne alitutuma tukapige picha ya kichwa, na kwa ajili ya picha hiyo tuliuza cherehani. Ikarudi safi, kama ilivyopasa kurudi, maana kilichomsumbua hakionekani pichani. (Nusu ya mtaa ilituamuru tangawizi, na nusu ya pili ilitaja jini. Tangawizi haikudhuru.)

Aliyemponya alikuwa kijana, afisa tabibu aliyekuja kushika zamu ya mwenziwe. Hakuandika kitu mpaka alipokwisha kuuliza maswali manne: kimeanza lini, kikija hukaa muda gani, huamshwa na nini, na huja pamoja na nini. Kisha akamketisha kitandani miguu imenyooshwa, akamgeuza kichwa nusu ya njia kuelekea bega la kulia, akamlaza chali kwa haraka, kichwa kikining'inia kidogo nje ya ukingo wa kitanda, akamsihi asifumbe macho. Tukangoja. Zikapita sekunde chache, mara macho ya mke wangu yakaanza kucheza yenyewe, yakipapatika na kuzunguka kama mshale wa mizani iliyoguswa, naye akalia kwamba nyumba inapinduka; yule kijana akatabasamu kama mvuvi aliyehisi samaki mshipini. Hakumwinua. Alisubiri macho yatulie, akamgeuza kichwa upande wa pili, akasubiri. Akamlaza ubavu, uso ukielekea sakafuni, akasubiri. Kisha akamketisha taratibu. Akarudia mara moja, na robo saa haikutimia. Alituaga pasipo dawa, na usiku ule mke wangu alilala upande autakao.

Nilirudi kesho yake, si kwa ugonjwa bali kwa udadisi wa mwalimu, nikamwuliza alifanya nini. Akanieleza kwamba ndani kabisa ya sikio, jirani ya mahali pa kusikia, mna mifereji mitatu iliyopinda nusu duara, imejaa maji, kila mmoja umeelekea upande wake, na kazi yake ni kuuarifu ubongo kichwa kinageuka vipi. Na kando ya mifereji mna kijumba kilichotandazwa chembe za chokaa, ndogo kuliko punje za unga, ambazo uzito wake hutufahamisha juu ni wapi na chini ni wapi hata tukiwa gizani. Kwa uzee, au kwa kugongwa kichwa, na mara nyingi pasipo sababu ya kuonekana, chembe hizo hubanduka, zikapotea njia, zikaingia katika mfereji, aghalabu ule wa nyuma. Basi mtu anapogeuka kitandani chembe huporomoka humo, zikasukuma maji, na ubongo ukapokea habari ya uongo kwamba mwili wote unazunguka. Hakuna kidonge kinachoweza kuziondoa, kama vile hakuna kidonge cha kutoa mchanga kiatuni. Huondolewa kwa kuuinamisha mfereji hatua kwa hatua mpaka zimerudi zilikotoka.

Wala elimu hii si mpya. Robert Bárány, tabibu wa Vienna aliyepewa Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1914 kwa uchunguzi wake juu ya kiungo hiki cha mizani, na ambaye habari za tuzo hiyo zilimkuta mateka wa vita mikononi mwa Warusi, aliueleza ugonjwa wenyewe mwaka wa 1921. Mwaka wa 1952, uleule ambao hali ya hatari ilitangazwa nchini mwetu, Margaret Dix na Charles Hallpike wa London walifafanua namna ya kumlaza mgonjwa ili ugonjwa ujidhihirishe machoni. Na mwaka wa 1980 Mmarekani mmoja wa Oregon, John Epley, akaonyesha namna ya kuzirudisha chembe nyumbani, akachekwa na wenziwe miaka mingi, kwa kuwa watu waliosomea kisu na dawa waliona aibu kuamini kwamba maradhi yanaweza kuondoka kwa kugeuzwa kichwa. Nao wale waliomcheka, angalau, walikuwa wameisikia habari yenyewe. Katika milango minne tuliyoibisha sisi haikuwa imefika.

Nisije nikakudanganya kwa furaha yangu: kisunzi cha mke wangu kilirudi baada ya miezi minane, kama kirudivyo kwa wengi. Tofauti ni kwamba mara hii tuliujua mlango.

Sasa, Mheshimiwa, wala usidhani nakuambia kwamba kila kisunzi ni cha sikio, kwani hilo lingekuwa kosa lilelile la malaria lililovalishwa joho jingine. Lugha yetu, iliyo karimu katika mambo ya bahari, ndugu na adabu, imekuwa bahili hapa. Na ingawa watu wa Pwani wana kisunzi na masua na kizunguzungu, huku kwetu, ambako Mkamba, Mluo, Mkikuyu, Mluhya na Mnubi hukutana katika ngazi moja, maneno yote yamekwisha kuwa moja. Anayeona giza ainukapo kitini husema ana kizunguzungu. Ambaye nyumba humpindukia husema vivyo hivyo. Mzee ambaye nyayo zake haziiamini ardhi, msichana aliyepungukiwa na damu, kijana wa mjengo aliyebeba mawe tangu alfajiri kwa kikombe cha chai kavu, mwenye kisukari aliyejidunga dawa akakosa chakula, na mama ambaye hofu ya kodi ya nyumba imembana kifua, wote huleta neno hilohilo moja mezani mwa tabibu. Kumbana mgonjwa aseme kizunguzungu chake ni cha namna gani hakufai sana, kwa maana jibu la asubuhi si jibu la jioni. Ndiyo maana maswali manne ya yule kijana yalinipendeza: hayakuuliza kinafananaje, yaliuliza kinakuja lini na kinaamshwa na nini, na hayo hata mtu asiye na ufasaha huweza kuyajibu.

Nina jirani, mstaafu wa reli, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akianguka alfajiri njiani kuelekea msalani. Kila alipokwenda kupimwa presha alipimwa ameketi, ikaonekana iko juu kidogo, akaongezewa dawa, na kadiri alivyoongezewa ndivyo alivyozidi kuanguka, mpaka akavunjika kifundo cha mkono. Hakuna aliyempima amelala kisha akampima amesimama. Watu wa mtaani wana maneno yao mawili, presha ya kupanda na presha ya kushuka, na wasomi huyacheka; lakini ikiwa mtu akisimama kwa dakika tatu presha yake ya juu inashuka kwa 20 au ya chini kwa 10, huo ni ugonjwa wenye jina vitabuni, na mara nyingi aliyemtia mgonjwa ugonjwa huo ni yule aliyemwandikia vidonge. Wahudumu wa afya ya jamii, wale 100,000 waliotumwa nchini kote mwezi wa Septemba 2023 wakiwa na mikoba yao, wanabeba kipimo cha presha mlango hadi mlango. Kipimo kipo, mhudumu yupo, mzee yupo kitandani; kilichobaki ni kumwambia yule mhudumu, mpime kabla hajainuka, kisha umpime tena akiwa wima, uziandike namba zote mbili.

Yupo mwingine pia ambaye namwona kila Ijumaa, na ambaye huogopa giza kama mtoto. Mchana hutembea vema, ingawa miguu ameitanua. Taa zikizimika husimama alipo na kuita mtu. Zamani aliugua kifua kikuu, akadungwa streptomaisini kila siku kwa miezi, akapona. Sisemi dawa ile ilikuwa mbaya: iligunduliwa Marekani mwaka wa 1943, ikawa ya kwanza kuushinda ugonjwa ulioua watu tangu enzi za mafirauni, na ni katika nchi zetu hizi za Afrika Mashariki, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambapo majaribio ya kitabibu yalionyesha kwamba kifua kikuu huweza kutibiwa kwa miezi 6 badala ya mwaka na nusu, streptomaisini ikiwa mojawapo ya dawa hizo. Lakini dawa ile na jamaa zake, kama vile kanamaisini na jentamaisini, huweza kuua vinyweleo laini vya kile kiungo cha mizani, na vikifa havioti tena. Huyu mzee hana mifereji ya kumwongoza. Anaongozwa na macho na nyayo, na macho yakifungwa na giza hubaki na nyayo peke yake. Wala hakuambiwa. Kwa miaka yote hiyo watoto wake wameamini kwamba ni mlevi wa siri. Streptomaisini imekwisha kuondolewa katika matibabu ya kawaida ya kifua kikuu, ila jentamaisini ingali inadungwa kila siku katika hospitali zetu, mara nyingi ikiokoa roho, na insafu yadai kwamba adungwaye siku nyingi aulizwe, kila siku ipitayo, je, unatembea kama jana?

Juu ya kizunguzungu cha jiko la makaa nitasema kwa ufupi kwa kuwa si maradhi bali ni ajali. Mwezi wa Julai, baridi ya Nairobi inapoingia mpaka kwenye mifupa, watu wa vyumba vya Kayole na Dandora huingiza jiko la makaa ndani na kuziba dirisha kwa gunia, na hewa ya sumu itokayo katika makaa hayo, ambayo haina rangi wala harufu, huwatia kizunguzungu na maumivu ya kichwa nyumba nzima kwa saa ileile. Akija mama na watoto wawili wote wanaona kizunguzungu, usiwatobole vidole. Waulize jiko liko wapi.

Na kuna kisunzi kisichongoja foleni. Mtu akishikwa ghafla, kikawa hakikatiki hata akilala kimya, na pamoja nacho akaona vitu viwiliviwili, au ulimi ukawa mzito, au uso ukapinda, au mkono ukalegea, au akashindwa hata kuketi pasipo kushikwa, huyo huenda ana kiharusi cha sehemu ya nyuma ya ubongo, na kila saa anayowekwa kwenye benchi ni hasara isiyolipika. Wapo wenye kiharusi cha namna hii ambao mikono na miguu yao yote ina nguvu, na ambao picha ya kichwa ya siku ya kwanza husema hawana kitu. Anayewagundua ni tabibu aliyefundishwa kuyasoma macho. Kwa hiyo ujuzi uleule ambao ungalimwokoa mke wangu na wiki saba za taifodi ndio utakaomtambua huyu mwingine na kumfikisha hospitali ya Mama Lucy au ya Kenyatta mapema.

Niyataje na maduka ya dawa, maana ndiyo hospitali ya kwanza ya mtu wa Eastlands. Humo mtu akitaja kizunguzungu hupewa sinarizini au proklopirazini, na kwa siku mbili tatu za kutapika dawa hizo zina fadhila yake. Lakini wapo wazee wanaozimeza mwaka hata mwaka, wakawa wanasinzia, wakawa wanatetemeka mikono na kuburuta miguu, ilhali ubongo, ambao ungejifunza kuizoea hasara ya sikio, umetiwa usingizi usijifunze. Miaka ya 1940, Cawthorne na Cooksey, wa London, waliwatungia wagonjwa wa namna hii mazoezi ya macho, ya kichwa na ya kutembea, wakawachezesha hata mpira, kwa kuona kwamba aliyetikiswa kidogo kila siku hupona upesi kuliko aliyelazwa kimya. Mazoezi hayo hayahitaji mashine. Ukumbi wa jamii wa Kaloleni, ambao umesikia hotuba nyingi za siasa, ungefaa sana kwa wazee ishirini kutembea kwa mstari huku wakigeuza vichwa.

Ninayoyaomba basi ni machache, Mheshimiwa, wala hayangoji bajeti ya mwaka ujao. Afisa tabibu na muuguzi wa kila kituo chako katika mitaa hii afundishwe siku moja, au mbili akiwa mzito, kumlaza mgonjwa na kumgeuza kichwa, akitahadhari na wenye shingo mbovu; na ninaamini yule kijana angekubali kuwafundisha, nami sitamtaja jina nisije nikamponza. Mzee yeyote anayetumia dawa za presha apimwe amelala na amesimama. Anayesema ameanguka asiulizwe tu wapi panauma, aulizwe alianguka vipi. Na ingawa halimo katika wizara yako, ukikutana na mwenzako wa majengo mwambie kwamba ghorofa za Umoja na Huruma zina ngazi za orofa tano na sita pasipo kishikio wala taa, na kwamba mtu mwenye kisunzi anayekaa orofa ya tano huacha kushuka. Hakuna anayemhesabu kuwa mgonjwa, kwa kuwa haonekani.

Limesalia moja, nalo ni dogo hata naona haya kumwandikia waziri. Baada ya kupona mke wangu nilipita katika vituo kadhaa, vya umma na vya watu binafsi, nikijifanya nimekuja kumsalimu mtu, ili nitazame kitanda cha kupimia. Karibu vyote nilivyoviona vimesukumwa ukutani upande wa kichwa, na juu yake pamepangwa maboksi ya glavu, daftari za zamani, na katika kimoja, feni iliyoharibika. Kitanda cha namna hiyo hakiwezi kumpokea mtu mwenye kisunzi, kwa kuwa kichwa hakina mahali pa kuning'inia na tabibu hana mahali pa kusimama. Naomba uandike waraka wa mstari mmoja, wenye mhuri wako, kwamba maboksi yaondolewe na kila kitanda kivutwe dhiraa mbili kutoka ukutani.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu, Eastlands, Nairobi